Mkono Nilioukataa

Usiku ule nililala nimejiziba pua kwa upindo wa khanga, kama nilivyozoea kwa muda wa miezi mitatu. Huku kwetu milimani upepo ukipanda kutoka bondeni hupita kwanza kwenye chumba cha nyuma, kisha ndipo uingie kwangu. Na chumba cha nyuma alilala mama mkwe wangu, Elika.

Naanza na harufu kwa sababu bila harufu ndoto yangu haitaeleweka. Titi la kushoto la mama lilikuwa limeoza. Lilianza kwa uvimbe mdogo kama punje ya hindi, akauficha mwaka mzima kwa aibu, hadi ukapasuka na kuwa kidonda kipana kama kiganja. Hospitalini walisema tumechelewa. Wakampa dawa za maumivu, wakaturudisha nyumbani. Mume wangu, Baba Tumaini, anafanya kazi kwenye mashine za mbao mbali na hapa na huja mara moja kwa mwezi. Mwanetu yuko shule ya bweni. Tukabaki wawili, mimi na mama, na kile kidonda.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili na mwimbaji wa sauti ya kwanza kwenye kwaya. Watoto niliwafundisha kwamba jehanamu ni moto na mbinguni barabara zake ni za dhahabu. Waliogopa, wakaimba vizuri. Mimi mwenyewe sikuwa na wasiwasi wowote kuhusu niendako.

Wala sikumtesa mama. Alikula alichokula kila mtu, na maji yake niliyachemsha kila asubuhi. Ila sikumgusa. Nililiweka beseni kizingitini, nikagonga mlango, nikaondoka kabla haujafunguliwa. Kidonda alijifunga mwenyewe kwa vipande vya shuka kuukuu. Nesi wa zahanati alikuwa amenipa vidonge, akanielekeza niviponde na kunyunyizia unga wake kidondani ili harufu ipungue. Nilijaribu siku moja tu. Nilipobandua kile kitambaa kilitoka na uteute mrefu wa kijani, na chini yake nikaona kitu cheupe kinajikunja. Funza. Nilimwacha mama amekaa pale kifua wazi, nikatoka mbio. Vidonge nilivirudisha kabatini.

Sasa, Jumapili ile iliyotangulia ndoto, wanawake wa kanisa walinitembelea baada ya ibada. Walikuwa saba, pamoja na mwenyekiti wetu. Niliwaandalia chai na maandazi, nikafungua madirisha yote, nikachemsha mchaichai mwingi ili unukie nyumba nzima. Tulikuwa tumeshaimba ubeti wa kwanza mlango wa uani ulipofunguliwa, mama akaingia. Alikuwa amevaa gauni lake la kwenda kanisani. Upande wa kushoto lilikuwa limelowa, doa la njano lenye ukingo wa kahawia.

"Nimesikia mnaimba," alisema. "Nikaona nije tusali pamoja."

Akaketi kwenye kiti kilichokuwa wazi. Mmoja wa wageni, kwa adabu tu, akammiminia chai. Mama akainywa polepole, kikombe kimetulia kwenye mikono yote miwili. Nikaona wale wanawake wanavyosogea, kila mmoja kidogo kidogo. Mwenyekiti akaweka leso mdomoni akajifanya anakohoa. Koo langu likajaa mate, nikajua nikiyameza nitatapika.

"Mama," nikamwambia, "rudi chumbani. Hapa kuna watu wanakula."

Alinitazama, wala si kwa hasira. Akakiweka kikombe chini, akashika ukuta, akatoka. Tukamalizia wimbo.

Walipoondoka nilikishika kile kikombe kwa kipande cha gazeti, nikaenda nacho chooni, nikakitupa shimoni. Nikanawa kwa sabuni mara tatu. Kisha nikala, nikasali, nikalala.

Ndipo akaja Mwalimu Aloni.

Mwalimu Aloni alikuwa mwinjilisti wa mtaa wetu, ndiye aliyenifundisha kipaimara. Alikuwa amefariki miaka sita kabla. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye kucha zilizojaa udongo, kwa sababu alipanda viazi asubuhi na kufundisha mchana bila kubadili suruali. Nilikuwa nikimwonea kinyaa hata yeye, kwa zile kucha. Siku moja mwenzetu darasani alimwuliza kama jehanamu kuna joto kweli. Akajibu, "Mimi sijafika. Na wewe usifike, tukose wote wa kutuambia." Alipougua mwishoni sikwenda kumwona. Nilikwenda kuimba kwenye maziko.

Katika ndoto nilikuwa jikoni mwa kanisa namenya viazi, naye amesimama mlangoni na beseni la maji. Nilijua kwamba amekufa, na halikunishangaza.

"Roida," alisema, "tuna kazi."

Nikajifuta mikono, nikamfuata. Tulitoka kwa mlango wa jikoni, lakini nje hapakuwa na uwanja wa kanisa. Palikuwa na shamba la pareto, maua meupe hadi upeo wa macho, na ukungu umelala juu yake. Tukatembea. Maji ya beseni hayakumwagika hata tone. Kisha shamba halikuwepo tena, na tulikuwa ndani ya ukumbi.

Ukumbi ni safi. Sijawahi kuona mahali safi namna ile. Sakafu inang'aa, madirisha yana vioo visivyo na alama ya kidole, na kila meza ina kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Watu wamevaa nguo za Jumapili. Moyo wangu unafurahi, nasema moyoni, hapa ndipo. Natafuta kiti changu.

Halafu naona kwamba kila meza ina mtu mmoja tu, na kila mtu ameuelekea ukuta. Hakuna anayemtazama mwenzake. Na kila mmoja ameziba pua, huyu kwa leso, yule kwa tai, mwingine kwa ukosi wa gauni. Sahani zimejaa. Nakaribia moja na kuona wali umeota ukungu wa kijani, wenye manyoya, na mchuzi umefanya ngozi inayopanda na kushuka kama kitu kinachopumua. Nyama ina weupe unaotembea. Natazama pembeni, na kila sahani iko hivyo hivyo.

"Mbona hawali?" namwuliza Mwalimu.

"Chakula kimepita mikononi mwa mtu mwingine."

Namtambua mzee mmoja wa kijijini kwetu, marehemu sasa, aliyekuwa akifuta kiti kwa leso kila alipokaribishwa nyumbani kwa watu. Kijiji kizima kilimsifu kwa usafi. Namsogelea nimsalimie, "Shikamoo baba." Anageuka. Midomo imemkauka kwa njaa, na macho yake yananitazama kuanzia miguuni kwenda juu, polepole, kama mtu anayeangalia kitu alichokikanyaga. Kisha anajiziba pua kwa viganja vyote viwili na kuniondolea uso.

Hapo ndipo naisikia harufu. Ni ileile ya chumba cha nyuma, lakini iko karibu zaidi, iko ndani ya nguo zangu. Nanusa mkono wangu, unanuka. Najaribu kupumua kwa mdomo, na pumzi yangu mwenyewe inanirudia puani, nzito, yenye ladha ya kitu kilichokufa siku nyingi. Navuta khanga nijizibe. Nikishajiziba naipata vizuri zaidi, kwa sababu sasa tumefungiwa pamoja, mimi na harufu yangu.

"Nani amewafungia humu?" nauliza.

"Mlango uko wazi," Mwalimu anasema. "Si umeingilia hapohapo?"

Kweli uko wazi. Naliona hata lile shamba.

"Mbona hawatoki?"

"Waulize."

Namwuliza mwanamke wa meza ya karibu. Anajibu bila kugeuka, sauti imefunikwa na leso. "Nje kuna wagonjwa," anasema.

Na mimi, naomba Mungu anisamehe, niliona ni jibu la busara. Lilinitosha. Nilikuwa nimeshavuta kiti nikae. Jambo lililonitisha baadaye nilipoamka, kuliko ule ukungu na wale funza, ni kwamba mkono wangu ulishakishika kiti.

Mwalimu hakunivuta. Alikwenda zake mlangoni na beseni lake, na sijui ni kitu gani kilinifanya nimfuate. Nadhani niliogopa kubaki peke yangu na wale watu waliokuwa peke yao.

Tunashuka mteremko. Chini kuna mto, kingo zake ni tope, na watu wamejaa pande zote mbili. Kutoka juu nasikia vicheko. Nafikiri ni wanawake wanafua. Tunapokaribia, naona. Mmoja ana mguu mweusi uliovimba, vidole viwili havipo. Mwingine kope zimegandamana kwa usaha. Mwingine mgongo umechubuka wote, nyama iko nje, nyekundu, inachuruzika. Na wanaoshana. Aliyechubuka mgongo ameinama anamwosha mwenye mguu, na mwenye macho yaliyogandamana anapapasa apate ule mgongo uliochubuka, anaumwagia maji kwa kiganja, taratibu. Wanaongea huku wakifanya hivyo, wanataniana. Mtu anatema kikohozi na mwenzake anampangusa kidevu kwa mkono mtupu, halafu kwa mkono uleule anachukua kiazi cha kuchemsha, anakimega na kumpa nusu, wanakula wote.

Nainama kando ya njia, natapika. Mwalimu anangoja.

"Mwalimu," namwambia, "nipeleke mbinguni. Huku nimeshaona."

"Tumefika," anasema.

Nataka kubishana naye. Nataka kumwuliza dhahabu iko wapi, ziko wapi nguo nyeupe. Lakini macho yangu yamemwona Saulo, na ninasahau swali. Saulo alikuwa mlevi wa kijiji. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, ulimmaliza, alikutwa mtaroni asubuhi, na kwaya yetu haikwenda kumwimbia. Sasa yuko katikati ya maji hadi kiunoni, anamwogesha mzee asiyejiweza, amemlaza mkononi kama mtoto mchanga.

"Huyu alifanya nini hata yuko hapa?"

Mwalimu analiweka beseni chini. "Alikuwa na kaka mwenye kifafa. Unamkumbuka?"

Namkumbuka. Alianguka popote, alijinyea, na tulivuka barabara tukimwona.

"Miaka kumi na minane Saulo alilala kati ya kaka yake na moto, ili asiungue akianguka usiku. Hakununua mahali hapa kwa hilo, Roida. Hakuna anayenunua. Alifika amelowa tope kama alivyokufa, akanyooshewa mkono, akaushika. Basi. Alikuwa amezoea kushika."

Maji yanapita.

"Na wale wa ukumbini, hawakunyooshewa?"

"Wote," Mwalimu anasema. Kwa mara ya kwanza naona uso wake una huzuni. "Wote walinyooshewa. Mtu hakai mahali asipopazoea."

Nawatazama tena wale watu wa mtoni. Nasema kwamba siwezi. Nasema vidonda ni vingi mno, na kwamba nilifundishwa mbinguni hakuna ugonjwa.

"Na hakuna," Mwalimu anajibu. "Hawa hawana kidonda hata kimoja. Ni macho uliyokuja nayo. Hapa mwenye vidonda ni mmoja tu, na vyake havikuondolewa."

Nikahisi kwamba kuna mtu ananijia kutoka mtoni. Sikuinua uso. Niliona miguu kwanza, imelowa, ina tope, na katikati ya kila mguu pana tundu. Kisha mkono ulinyooshwa mbele yangu, kiganja juu. Mkono wa mtu aliyefanya kazi ngumu. Katikati ya kiganja palikuwa pamechanika, kingo zimejikunja, na damu ilikuwa mbichi. Haikukauka. Ilikuwa inajaa taratibu na kutiririka kwenye kifundo cha mkono.

Nilijua ni nani. Sitaki mtu anifariji aseme sikujua. Nilimjua kama ninavyomjua mama aliyenizaa. Nyimbo zote nilizoimba zilikuwa zinamhusu yeye, nilikuwa nimesubiri siku hiyo tangu utoto, na mkono ulikuwa karibu kiasi kwamba nilisikia joto lake.

Nikarudisha mkono wangu nyuma. Niliufuta kwenye khanga, na kumbe haukuwa hata umegusa.

Nikaamka.

Palikuwa pameanza kupambazuka. Mdomo ulikuwa mchungu na shuka limelowa jasho, na mkono wangu wa kulia nilikuwa bado naufuta kwenye godoro. Nilikaa kitandani muda mrefu. Sikulia. Niliona kinyaa, lakini mara hii sikujua nikitupe wapi, maana kilikuwa juu yangu mimi.

Nilichemsha maji, nikatia chumvi. Nikavitoa vile vidonge kabatini, nikaviponda kwa mgongo wa kijiko. Nilipofika chumba cha nyuma niligonga, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu nikangoja.

Mama alifungua. Aliangalia beseni, akaniangalia mimi, akanyoosha mikono alipokee.

"Leo naingia," nikamwambia.

"Kumechafuka humu, mama Tumaini."

"Naingia hivyohivyo."

Natamani niseme kwamba ile ndoto iliniondolea kinyaa. Haikuniondolea. Nilipobandua kitambaa cha kwanza nilikaza meno hadi taya likauma. Cha pili kilikuwa kimeshikana na nyama, ikabidi nikiloweshe kidogo kidogo, na harufu iliponipiga usoni nilitoka nje nikatapika kwenye majani ya magimbi. Nikanawa uso, nikarudi. Mama alikuwa amejifunika.

"Usijilazimishe, mwanangu," alisema. "Hata mimi mwenyewe najiona kinyaa."

Neno hilo lilinichoma kuliko yote. Sikuwa nimewahi kuwaza kwamba alikuwa anainusa pia, mchana na usiku, na kwamba yeye hakuwa na mlango wa kutokea. Nilimfunua tena. Nikatoa funza mmoja mmoja kwa kijiti kilichozungushiwa pamba, nikahesabu kwa kunong'ona ili nisikimbie. Nikaosha. Nikanyunyiza ule unga. Nilipomfunga kitambaa safi alishusha pumzi ndefu, na mabega yake, ambayo yalikuwa yamepanda tangu siku nyingi, yakateremka.

Kisha nikamwomba msamaha kwa habari ya Jumapili, mbele ya wageni. Akaniambia, "Nilitaka tu kusali na watu." Nami nikamsimulia ndoto yote, ukumbi, mto, Saulo, hadi ule mkono na jinsi nilivyoukataa.

Mama alikuwa amesikiliza hadi mwisho.

"Na mwenye mkono," akauliza, "alikasirika?"

"Sikuuona uso wake, mama. Nilishtuka nikaamka."

"Hakukasirika," mama akasema. "Angekasirika, asingekuamsha."

Aliishi wiki tisa baada ya hapo. Nilimwosha kila siku, na kila siku nilipofika mlangoni kinyaa kilinisimamisha kwanza kabla sijaingia. Mume wangu aliporudi nilimfundisha kufunga kitambaa. Alilia, lakini akajifunza. Wanawake wa kanisa niliwaalika upya, tukasalia chumba cha nyuma, na waliokuja walikuwa watatu kati ya saba. Mama alikufa alfajiri moja, kichwa kikiwa kwenye paja langu, na mimi ndiye niliyemwosha kwa mara ya mwisho.

Watoto wa shule ya Jumapili bado huniuliza jehanamu ikoje. Zamani niliwaambia habari za moto, na moto sijaukana, maana umeandikwa. Lakini sasa huwaambia kwanza lile nililopewa nilibebe. Kwamba Bwana hatatunyooshea mkono msafi. Na kwamba mtu asiyejizoeza kushika mikono ya namna hiyo akiwa hapa, siku ile ataujua ni wa nani, naye ataurudisha wake nyuma.